Nafasi za uzamivu zitangazwe kama kazi

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lenu moja la Jumamosi mlitoa ukurasa mzima wa fursa za masomo ya uzamivu, yaani udaktari wa falsafa (PhD), katika sayansi na teknolojia. Bendera za nchi zimepangwa vizuri, na chini ya kila bendera kuna maneno "ufadhili kamili". Mpwa wangu ana shahada ya uzamili ya kemia na kwa sasa anafundisha tuisheni hapa Kihonda. Aliukata ukurasa ule kwa mkasi akaubandika ukutani. Kesho yake akaniuliza: "Mjomba, fomu zake zinachukuliwa wapi?"

Swali hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Kwa nchi nyingi mlizozitaja hakuna fomu ya kwenda kuchukua. Kuna nafasi ya kazi, ameitangaza mtu mwenye mradi, na ina mshahara, mkataba, likizo na tarehe ya kwisha. Anayeitafuta kama msaada wa masomo atazunguka mwaka mzima asiuone mlango wenyewe, na ukurasa wenu umemwongezea mzunguko.

Mimi si daktari wa chochote. Nina cheti cha ufundi sanifu wa maabara, na utumishi wangu wote umekuwa na watafiti hapa Morogoro mpaka nilipostaafu. Kazi yangu kubwa ilikuwa kutega panya. Wanafunzi wa uzamivu walikuja, wa kwetu na wa kutoka nje, wakaandika tasnifu zao, wakavaa majoho, wakaenda zao. Mitego ilibaki kwangu. Jina langu limo kwenye kurasa za shukrani za tasnifu kadhaa, nyingine wamelikosea herufi. Ninachokijua kuhusu uzamivu nimekiona kwenye matope ya shamba la mahindi saa kumi na moja alfajiri, na huko mambo huonekana wazi kuliko kwenye mahafali.

Msomaji asiyejua nimweleze. Panya wa shambani, yule mwenye chuchu nyingi ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, ndiye anayefukua mbegu za mahindi kabla hazijaota. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Tanzania na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, wamekuwa wakimfuatilia hapa kwetu. Mmoja wao, Herwig Leirs, aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya panya huyu. Mwaka 1996 yeye na wenzake, Watanzania wakiwemo, walichapisha njia ya kubashiri mlipuko wa panya kwa kuangalia mvua. Vuli ikinyesha kwa wingi, panya huanza kuzaa mapema kuliko kawaida, na watoto wa uzao ule nao huzaa ndani ya msimu uleule. Mkulima wa Mvomero hilo analijua kwa macho. Tasnifu ililipa namba, na kwa namba bwana shamba anaweza kuomba sumu mapema badala ya kuja kutazama mashimo yaliyoachwa na mbegu.

Baadaye, mwaka 2009, kilitangazwa kirusi kilichopatikana ndani ya panya huyuhuyu, kikapewa jina la Morogoro. Ni ndugu wa kirusi cha Lassa kinachoua watu Afrika Magharibi, ila hiki chetu hakijulikani kumdhuru binadamu. Kwa sababu hiyo wanafunzi wa uzamivu wamekitumia kusoma jinsi virusi vya aina hiyo vinavyoenea kati ya panya na panya, bila kuhatarisha maisha ya mtu kwa kila tone la damu.

Ndiyo uzamivu wa sayansi huo. Mtu mmoja anashika swali moja kwa miaka mitatu, minne, mitano, na nyuma yake wapo watu wengi wanaomsaidia. Sehemu kubwa haisomwi darasani. Mitego tuliyotumia inaitwa Sherman, visanduku vya alumini vinavyokunjika. Unavipanga kila baada ya mita kumi, mstari kwa mstari. Jioni unatia chambo cha siagi ya karanga iliyochanganywa na pumba za mahindi, na asubuhi lazima uwe umefika kabla jua halijapanda, kwa maana alumini ikishika joto panya anakufa na data yako inakufa naye. Unampima uzito, unaangalia jinsia, unaangalia kama ana mimba, unasoma alama yake, unamwachia palepale ulipomkamata. Siku tatu mfululizo, kila mwezi, masika na kiangazi. Sasa niambie, Mhariri, mtu anayefanya hivyo yuko masomoni au yuko kazini?

Kuna msimu nilihudumia wanafunzi wawili kwa pamoja, mashamba yao yakipakana. Mmoja alikuwa binti kutoka Ulaya, mwingine kijana wetu, mhadhiri msaidizi wa chuo kimoja cha umma cha mkoa mwingine. Kwa akili walilingana, na ningelazimishwa kuchagua ningemchagua wa kwetu. Mstari mmoja wa mitego ulikuwa haukamati kitu, na binti alishaanza kuandika kwenye daftari lake nadharia juu ya unyevu wa udongo. Kijana wetu alikwenda kukaa chini ya mwembe jioni moja, akawaona watoto wa jirani wakipita mtego hadi mtego wakila siagi ya karanga. Hakuwafukuza. Aliwapa kazi ya kulinda mitego na chupa ya siagi yao wenyewe, na mwezi uliofuata mstari ukawa unakamata kama mingine.

Walitofautiana kwenye mkataba. Binti alikuwa mwajiriwa wa chuo chake. Mshahara, bima, fedha za mafuta na za vibarua wa shambani vyote vilikuwa kwenye bajeti ya mradi kabla hajapanda ndege, na kazi yake ilikuwa hiyo moja tu. Kijana wetu alijilipia ada kwa mkopo wa Saccos. Alikuwa na masomo matatu ya kufundisha. Mitihani aliisahihisha ndani ya pikapu kwa taa ya simu, tukisubiri kupambazuke. Simu hiyohiyo ndiyo mkuu wake wa idara aliyomtafutia: mara kikao, mara ratiba, mara usimamizi wa mitihani. Kuna miezi miwili hakutokea kabisa kwa sababu fedha ya mafuta iliisha, na kwenye utafiti wa kila mwezi, miezi miwili iliyokosekana hairudi tena hata ukitega mara mbili mwezi wa tatu. Binti alimaliza kwa wakati wake. Wa kwetu ilimchukua karibu mara mbili ya muda huo, na kila alipokwenda kwao watu walimuuliza "bado tu?" kama vile ni mvivu.

(Panya mwenyewe, kwa taarifa yenu, huheshimiwa zaidi. Magawa, panya buku aliyezaliwa na kufunzwa hapahapa Morogoro na shirika la APOPO, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la kutibu wanyama la Uingereza, PDSA, mwaka 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini Kambodia. Chakula chake cha kila siku kilikuwa na bajeti.)

Turudi kwenye ukurasa wenu. Uholanzi, anayefanya uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo kwa mkataba wa miaka minne. Sweden naye ni mwajiriwa, halipi ada, na akipewa vipindi vya kufundisha mkataba unarefushwa kufidia. Denmark ni miaka mitatu. Norway mitatu, au minne kama kuna kufundisha ndani yake. Ujerumani wengi hulipwa kwa viwango vya watumishi wa umma, ila hapo kuna jambo linaloandikwa kwa herufi ndogo: mkataba unaweza kuwa wa nusu muda au robo tatu, mshahara ukakatwa vivyo hivyo, na kazi ikabaki nzima. Kijana aulize kabla ya kusaini. Nchi hizi zote hutangaza nafasi hizo kwenye ukurasa wa ajira wa chuo, jirani na nafasi ya mhasibu na ya fundi bomba. Mpwa wangu alikuwa akitafuta kwenye ukurasa wa masomo, anakutana na viwango vya ada, anafunga kompyuta na kununa.

Umoja wa Ulaya nao una mpango uliopewa jina la Marie Skłodowska-Curie, ambao mitandao yake ya uzamivu huajiri vijana wa taifa lolote. Sharti lake kuu ni kwamba usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayoiendea zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. Mtu ambaye hajawahi kuvuka Gairo analitimiza akiwa amelala. Sharti hili linawapendelea watu wetu waziwazi, na kwenye ukurasa wenu halimo.

Marekani wana utaratibu wao. Kule unaomba kwa idara, tarehe za mwisho nyingi ni Desemba au mapema Januari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba, na mwenye shahada ya kwanza peke yake anaweza kuingia moja kwa moja kwenye uzamivu. Ninyi mmeandika "lazima uzamili" kwa nchi zote. Mstari huo mmoja umewafungia nje vijana ambao wangeweza kuomba mwaka huu. Idara za sayansi za kule kwa kawaida husamehe ada na kulipa posho, nawe unafundisha vipindi vya maabara au unafanya kazi kwenye mradi wa msimamizi. Zipo pia zinazosamehe ada ya maombi ukiwaandikia mapema na kueleza hali yako, na hiyo si fedha ndogo kwa mwalimu wa tuisheni.

Uingereza wanampa posho mwanafunzi wala hawamwajiri. Baraza lao la utafiti, UKRI, limefungua nafasi zake kwa wageni tangu mwaka 2021, ila kwa kikomo cha asilimia 30. Kwa hiyo pale ushindani ni mkali, na anayeomba sehemu moja tu ajue anacheza bahati nasibu.

Kabla hajanijia mimi, mpwa wangu alishapita kwa mtu mmoja mwenye ofisi ghorofani mjini na picha kubwa ya mnara wa Eiffel ukutani. Alimdai laki tatu na nusu "za kuanzia". Kwa nafasi ya kazi! Nimefanya kazi na wanafunzi hawa mpaka nikazeeka na sijamwona hata mmoja aliyepata msimamizi kwa kumlipa mtu wa kati. Wanapata kwa kuandika barua pepe, na barua pepe hizo nyingi ni mbovu. Profesa mmoja wa Ulaya aliyekuwa akija hapa kila mwaka alinionyesha kikasha chake: barua zilizoanza kwa "Mheshimiwa Bwana au Bibi", zimetumwa kwa watu arobaini kwa mpigo, majina yao yote yanaonekana juu. Alikuwa anazifuta bila kuzifungua, na sikumlaumu.

Nilimkalisha mpwa wangu mezani. Uzamili wake aliufanya kwenye maji ya visima vya Meru, Arusha, kule ambako watoto huota meno yakiwa na madoa ya kahawia kwa sababu ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vya upande ule wa Ngare Nanyuki huvuka hapo mara nyingi. Sasa nitazame wasifu wake: "mchapakazi, mwenye kujituma, awezaye kufanya kazi chini ya shinikizo". Kurasa nne za sifa, na hakuna mahali ameandika kwamba anajua kutumia elektrodi ya kupimia floraidi, kwamba alichukua sampuli kiangazi na masika, au kwamba takwimu zake alizichambua mwenyewe kwa programu ya R. Tukageuza. Sifa zikatoka, vifaa vikaingia, kurasa zikabaki mbili. Kisha akachagua mtu mmoja anayechuja floraidi kwa vifaa vya udongo, akasoma makala zake mbili mpaka akaelewa, akamwandikia mistari kumi hivi: anafanya nini, amesoma nini kwenye makala zile, anajua kutumia kifaa gani, na swali moja la kweli. Alijibiwa. Hakupewa nafasi, kwa sababu mradi ulikuwa umejaa, lakini yule mtu alimwelekeza kwa mwenzake mwenye mradi unaoanza.

Na hapo ndipo aliponaswa na mambo ya hapa nyumbani. Siku hizi barua ya mdhamini haibebwi kwenye bahasha. Mfumo wa chuo cha kule humtumia mdhamini kiungo kwenye barua pepe, naye aingie mwenyewe aandike. Mdhamini wake wa pili alimwambia lile jibu letu la miaka yote: "Andika mwenyewe, nitasaini." Mfumo hauna mahali pa kusaini. Kiungo kilikaa kwenye barua taka mpaka tarehe ikapita, na maombi yakahesabiwa hayajakamilika. Wahadhiri wetu mnaosoma barua hii, barua ya mdhamini wa mwanafunzi ni sehemu ya ajira yenu; si fadhila mnayomfanyia mkipata nafasi. Fungueni viungo.

Jambo jingine, Mhariri: kwenye zile bendera zenu hakuna hata moja ya Afrika. Kutoka Namanga hadi Juja ni safari ya nusu siku kwa basi, na pale Juja, ndani ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ndipo ilipo taasisi ya sayansi za msingi, teknolojia na ubunifu ya Chuo Kikuu cha Afrika, ambayo Umoja wa Afrika huwalipia wanafunzi wake wa uzamili na uzamivu kutoka bara zima. Kasarani, Nairobi, kuna icipe, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Tangu 1983 kituo hicho kina mpango wa kulea watafiti wa uzamivu wa Kiafrika: mtu anasajiliwa chuo kikuu, lakini kazi anaifanyia kwenye maabara zao, pamoja na watu ambao wadudu ndio kazi yao ya kila siku. Kituo hichohicho kinasimamia mfuko wa RSIF, ambao serikali kadhaa za Afrika zimechangia, unaowasomesha vijana uzamivu wa sayansi na uhandisi ndani ya vyuo vya Afrika na kuwapa muda wa kukaa kwenye maabara ya nje. Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela, inayopokea wanafunzi tangu 2011. Mmoja wa wanasayansi wake, Askwar Hilonga, alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika ya mwaka 2015 kwa chujio la maji, na floraidi ni moja ya mambo ambayo chujio lile lilitengenezwa kuyaondoa. Mpwa wangu alikuwa amekodolea macho bendera ya Finland wakati maabara inayohangaika na jambo lake ipo Arusha.

Kwa wanawake kuna pia OWSD, shirika la wanawake wanasayansi lenye makao Trieste, Italia. Hulipia wanawake kutoka nchi zilizoachwa nyuma kisayansi, Tanzania ikiwemo, kufanya uzamivu kwenye taasisi za nchi zinazoendelea. Binti zetu wengi hawajalisikia.

Lakini sitaki wasomaji wadhani naleta orodha nyingine kushindana na yenu. Ninacholalamikia ni kwamba hapa kwetu tumekubali uzamivu uwe kitu ambacho mtu anajilipia au anaombewa, wakati sehemu zinazozalisha madaktari wengi wa sayansi humlipa mtu kwa sababu anafanya kazi. Serikali imefanya jambo kubwa kwa mradi wa HEET, mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2021, na wahadhiri wengi wamepelekwa masomoni kupitia mradi huo. Nawapongeza. Ila hao ni watu waliokwisha kuajiriwa na vyuo. Aliyeko nje, kama mpwa wangu, anatakiwa apate kwanza ajira ya chuo ndipo asomeshwe, na ajira ya chuo inamtaka awe amesoma.

Jirani zetu Kenya waliandika kwenye sheria yao ya sayansi ya mwaka 2013 kwamba asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye mfuko wa utafiti. Sheria ipo, fedha haijafika hapo. Nchi za Umoja wa Afrika nazo ziliahidi asilimia 1, na sisi tumo. Wakati tunaahidi, wafadhili ndio wanaolipa. Sweden imesomesha wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu miaka ya 1970, mtu akikaa huku kipindi na kule kipindi, na wengi wa wale ndio wanaosimamia wengine leo. Uzuri wake tumeuona. Ubaya wake tuliuona mwaka 2025, Marekani ilipofunga USAID: miradi ya utafiti iliyoitegemea ilisimama ghafla, na ndani ya miradi hiyo walikuwemo watu walio katikati ya tasnifu. Tasnifu ya panya, ya mbegu au ya mbu haiwezi kusubiri mpaka mfadhili mwingine apatikane. Msimu unapita.

Ninachopendekeza hakihitaji sheria mpya. Kila mradi wa utafiti unaoingia chuo cha umma, uwe wa fedha ya ndani au ya nje, ubebe angalau nafasi moja ya uzamivu inayotangazwa hadharani kwenye magazeti kama haya yenu, kwa mshahara wa mhadhiri msaidizi, na aliyeipata asipewe zaidi ya somo moja la kufundisha. Fungu lake la mafuta, vibarua na kemikali liandikwe kwa jina lake, idara isiweze kulihamishia kwenye semina ya Bagamoyo. Na msimamizi apewe tarehe ya kusoma sura anazoletewa, kama mwanafunzi anavyopewa tarehe ya kuzileta. Nimewaona watu wakikaa miezi sita wakisubiri sura moja irudi, ikarudi na alama mbili za penseli.

Najua jibu litakuwa kwamba hakuna bajeti. Bei ya Land Cruiser mpya moja ya mradi inalipa mshahara wa mhadhiri msaidizi kwa miaka yote ya uzamivu, na chenji inabaki ya mafuta. Niliwahi kusaini kupokea mbili za aina hiyo kwa siku moja, za mradi ambao haukuwa na mwanafunzi wa uzamivu hata mmoja. Zilikaa chini ya mkorosho na maturubai juu, dereva akiziwasha kila Ijumaa betri zisife. Ningependa kusoma ndani ya gazeti lenu jibu la makamu mkuu wa chuo yeyote aliye tayari kueleza mahesabu hayo yanavyofanywa.

M. K.
Fundi sanifu mstaafu,
Kihonda, Morogoro